Miguu ya Khocha Simiyu

Mtanisamehe mwandiko. Mkono wangu umezoea sindano ya viatu kuliko kalamu, na mkono uliozoea kusukuma sindano kwenye ngozi hukandamiza karatasi mpaka inatoboka. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, na herufi za r na l bado zinanichezea. Mkikuta moja imekaa mahali pa nyingine, ihamisheni wenyewe mwendelee mbele. Tena naandika polepole. Kurasa hizi chache zimenichukua majuma matatu, naandika wakati hakuna mteja, daftari likiwa juu ya magoti pale ambapo kwa kawaida hukaa kiatu cha mtu. Lakini nimeamua kuandika, kwa sababu mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki huko Matulo, katika mazishi ya Khocha Simiyu, nikasikia mtu akisoma uongo kwa kipaza sauti, na umati mzima ukaitikia kwa huruma.

Uongo wenyewe ulikuwa umechapishwa. Uko ukurasa wa tatu wa kijitabu cha mazishi, chini ya picha ya Khocha akiwa amevaa koti la kijivu la kuazima. Unasema kwamba marehemu aliwatumikia watu wa Mto Nzoia kama mpiga mbizi kwa miaka mingi, "hadi alipovunjika mguu baada ya kukataa viatu vya usalama alivyopewa na kupendelea vya kujitengenezea." Aliyesoma alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, hana kosa, alisoma alichopewa. Familia iliomba ofisi inayosimamia wapiga mbizi iwasaidie kueleza miaka yake ya kazi, ofisi ikafungua faili, ikatoa kilichokuwa ndani. Kisha bwana mmoja kutoka ofisi hiyo, ambayo sitaitaja, akasimama akasema tujifunze kutoka kwa mzee, usalama kwanza, na watu wakasema ni kweli. Mama Nafula, mjane wake, hakuinua uso. Mimi nilikuwa safu ya nne. Viatu hivyo vya kujitengenezea nilivitengeneza mimi kwa mikono hii, na saa ile alipovunjika mguu havikuwa miguuni mwake. Vilikuwa mkononi mwangu. Nikanyamaza. Nilikuwa nimenyamaza mtoni, nikanyamaza hospitalini, na sasa nikanyamaza kando ya kaburi lake, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minane. Nilirudi Kitale na hasira nisiyojua niiweke wapi, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mwaka ule alipovunjika mguu nilikuwa na miaka kumi na tisa, na haya zangu zilikuwa ugonjwa. Mteja akija nilikuwa naangalia kiatu chake, siyo uso. Mpaka leo kuna watu Kitale ninaowajua kwa visigino tu. Kibanda changu kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Saboti, mabati mawili na nguzo nne, ndani harufu ya gundi na ya tairi iliyokatwa. Nilikuwa nakata akala, nabadilisha soli, na shule zikikaribia kufunguliwa nashona mikoba ya wanafunzi. Khocha alikuja asubuhi moja ya mvua, mtu mrefu, mwembamba, peku, suruali imekunjwa mpaka magotini, amebeba mfuko wa nailoni. Akaumwaga mfuko juu ya meza yangu. Ikatoka patipati moja bila mwenzake, sandak mbili za plastiki zilizopasuka ubavuni, na akala moja ambayo niliitambua kwa sababu niliikata mimi.

"Hii ni kazi yako?" akauliza.

Nikakubali kwa kichwa.

"Mwenzake iko chini ya Nzoia. Sikulaumu. Nataka unitengenezee kiatu ya kuingia mtoni."

"Ya kuvua samaki?"

"Ya kuvua watu," akasema, na hakutabasamu.

Akaniuliza mama yangu ni wa ukoo gani. Nilipomtajia akapiga meza kwa kiganja. "Basi mimi ni khocha yako. Ndugu ya mama yako. Huwezi kunikataa hata ukitaka." Hivyo ndivyo nilivyopata mjomba nisiyemjua, na nikamwita Khocha kuanzia siku ile mpaka alipofukiwa. Alikaa kwenye mkebe wa rangi ninaowapa wateja, akanieleza kazi yake. Mtu akiteleza mtoni kuanzia darajani mpaka kwenye maporomoko, watu wanakuja kumwita yeye. Hata polisi wanamwita yeye. Hana mtungi wa hewa wala mashine, ana kamba kiunoni na pumzi yake. Akanyanyua unyayo akaniwekea juu ya goti, kama mtu anayeonyesha ramani. "Hapa ni chupa. Hapa ni bati. Hapa sijui ni nini, niliona damu juu ya maji ndiyo nikajua nimekatwa." Kisha akavichukua vile viatu kimoja kimoja, akavishtaki mbele yangu. Patipati inachukuliwa na maji kabla hujafika magotini. Sandak ina matundu, inatoa maji vizuri, lakini plastiki juu ya jiwe lenye maji ni sabuni juu ya sabuni. Akala inazuia chupa na bati, hiyo sifa akanipa, lakini tairi ni gumu, halishiki jiwe, na kamba zake zimepigiliwa misumari ambayo mkondo unaing'oa kama jino la mtoto.

"Na gambuti?" nikauliza. Lilikuwa swali la kijinga, ila ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza mteja kwa hiari yangu.

"Gambuti ni ya kukamua ng'ombe," akasema. "Fikiria wewe mwenyewe. Inafika hapa," akagusa chini ya goti. "Maji yakiingia kwa juu, yatatokea wapi?"

Nikafikiria. Kiatu kisichoingiza maji hakitoi maji. Kikijaa umefungiwa ndoo mguuni, na ndoo hiyo haivuliki. Naomba msomaji ashike sentensi hiyo. Niliifahamu nikiwa na miaka kumi na tisa, nimekaa kibandani, kwa muda mfupi kuliko wa kukausha gundi. Haihitaji digrii.

Nilimwambia siwezi kutengeneza kiatu cha mahali nisipopajua. Jumamosi iliyofuata nilienda Matulo. Mama Nafula alinipokea kama mtoto aliyerudi, akaniketisha jikoni kwake, chumba cha udongo chenye dirisha dogo la upande wa mto, masufuria yamepangwa ukutani kwa ukubwa, na maji ya Nzoia yakisikika chini kama mtu anayesaga. Alipika ugali wa wimbi na mrenda, ile mboga inayovutika ukiinua tonge mpaka inakufuata mdomoni. Nje kwenye benchi Khocha alikuwa na jirani zake wawili, na kwa kuwa mimi sikuwa msemaji niliwasikiliza. Mmoja alikuwa anasema, "Simiyu ameenda mpaka Kitale kushonewa viatu vya kuogelea. Samaki watamwona na kumpisha njia." Mwingine akajibu, "Wacha ashonewe. Akifa tutarithi." Khocha akacheka nao. Mama Nafula hakucheka. Aliniongezea mrenda, akasema kwa sauti ya chini, "Wanacheka kwa sababu siku ile hawakuwa kwa mto."

Siku ile ndiyo niliyoelezwa baadaye, tukiwa tumesimama kwenye mawe. Kwanza niliteleza. Pale anapoingilia Khocha hakuna mchanga. Ni mawe makubwa yaliyolala mpaka ndani ya maji, na yamevaa ute wa kijani ambao watu wa pale wanauita mrenda wa mto. Nilikanyaga mara moja tu, nikakaa majini na sketi yangu ya kanisani. Khocha alinivuta mkono. "Karibu Matulo," akasema. "Jikoni umekula ya Mama Nafula, hapa umekula ya Nzoia." Kisha akaacha utani. Akaniambia kuingia si kazi, hata jiwe huingia. Kazi ni kutoka, umebeba mtu wa watu mikononi, na mama yake amekaa kwenye nyasi anakuangalia. Alikuwa na sharti lake, kwamba hamburuzi mtu kwa kamba wala hamlazi juu ya mawe. Anambeba mpaka kwenye nyasi, amlaze kama anayelala. Na mwaka uliotangulia aliteleza. Alikuwa amembeba msichana, mama yake akiwa hapo hapo, akateleza kwenye mrenda ule, na mtoto akamtoka mikononi akagonga jiwe. "Alikuwa ameshakufa," akasema Khocha. "Hakuumia. Lakini mama yake aliumia mara ya pili, na mimi ndiye nilimuumiza. Nikimwona soko ya Webuye napita upande mwingine." Hicho ndicho alichokuwa anatafuta kwa fundi wa viatu. Siyo usalama wake. Alitaka asiangushe mtu wa watu tena.

Nilimtengenezea viatu vitatu vilivyoshindwa. Cha kwanza kilikuwa akala nyembamba yenye mikanda ya kushona badala ya misumari. Haikutoka mguuni, lakini iliteleza. Cha pili nilichonga mifereji kwenye soli kwa kisu cha moto, nikadhani mifereji itakula ule ute. Iliteleza, na changarawe zikakwama ndani. Cha tatu kilikuwa raba ya kitambaa, ile ya wanafunzi, na hapo tulisogea kidogo, kwa sababu soli ni laini na kitambaa kinavuja, lakini kamba zake zilishika mzizi chini ya maji, akabaki huko muda mrefu hivi kwamba nilianza kupiga kelele. Mimi, nisiyepiga kelele. Alipoibuka aliniangalia akasema, "Kumbe sauti uko nayo."

Jibu lilitoka kwa wanawake wa kufua. Nilikuwa nimekaa juu ya ukingo nikikausha raba ile, nikaona wanawake wawili wamesimama kwenye jiwe lile lile lililoniangusha, wameinama, wanapiga nguo, na hawatelezi. Nikaangalia miguu yao, kama kawaida yangu. Kila mmoja alikuwa amesimama juu ya kipande cha gunia kuukuu la katani. Mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya kunifikia, "Huyu msichana wa Simiyu ananikagua vidole kama daktari." Mwingine akajibu, "Labda amekutafutia mchumba mwenye viatu." Nilitamani ardhi inifiche. Lakini walipoondoka nilishuka, nikakanyaga kile kipande walichokiacha. Katani iliupenya ule ute ikashika jiwe lenyewe. Niliruka juu yake kama mtoto. Sikuteleza.

Msione ni jambo dogo kupata gunia la katani Kitale. Mji mzima ni mahindi, lakini siku hizi mahindi yote yamo ndani ya nailoni, na nailoni inateleza kuliko kitu chochote. Nilizunguka siku mbili. Mwishowe niliona moja mlangoni kwa Mama Njeri, mwenye kisiagi karibu na soko, limetandikwa chini watu wafute miguu. Nilipita mara tatu kabla sijaingia.

"Ati unataka gunia yangu ya mlango?" akasema Mama Njeri. Alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. "Hiyo imekanyagwa na watu wote wa Trans-Nzoia."

"Ndiyo maana naitaka. Imelainika."

"Ya kazi gani?"

Nikamweleza nikiangalia viatu vyake. Nilimweleza mpaka mwisho, hata habari ya mama wa yule msichana aliyeanguka juu ya jiwe. Kisiagi kilikuwa kinanguruma, nikadhani hakusikia. Akalikung'uta gunia mlangoni, akanipa, kisha akasema ningoje. Akaenda nyuma, akavuta lingine kutoka chini ya mizani. "Chukua," akasema. "Mtu ana miguu miwili."

Nilivishona kwa siku nne. Nilichukua raba nyeusi za kitambaa, nikang'oa kamba, mahali pa kamba nikaweka utepe wa mpira wa tyubu unaobana juu ya mguu bila fundo. Nikatoboa matundu sita kila upande kwa msumari wa moto, karibu kabisa na soli, ili mguu ukiinuka maji yatoke kabla ya hatua ya pili. Chini nikaweka katani mara mbili, nikashona kwa uzi wa nailoni niliousugua nta, na kila mshono nikauzamisha kwenye mfereji jiwe lisiukate. Vilikuwa vibaya kuangalia. Vilionekana kama viatu vya mtu aliyetoroka mahali. Khocha alivivaa, akashuka kwenye mawe, akapanda, akashuka tena, akapanda akiwa amebeba gunia la mchanga kifuani. Alivivua akanionyesha kidole gumba. "Hapa panabana. Pengine pote ni sawa."

Mwezi wa sita mchimba mchanga mmoja alichukuliwa na maji. Nilikuwa Matulo siku hiyo kwa bahati. Mama yake alikuwa amekaa kwenye nyasi, miguu imenyooka mbele, amejifunga leso kiunoni. Khocha alizama mara nyingi. Alipotoka naye nilianza kuhesabu, na nilihesabu kwa midomo: hatua kumi na nne kutoka majini mpaka kwenye nyasi, kupitia jiwe lile. Hakuyumba hata moja. Akamlaza polepole, akamnyoosha shati, na yule mama akainama juu ya mwanawe ndipo akalia. Baadaye Khocha alinipa viatu vikiwa vimelowa. "Uzi umelegea hapa," akasema, akaenda kukaa peke yake nyuma ya jiko. Katika maisha yangu nimepokea asante nyingi za maneno. Hakuna iliyofikia uzi ule uliolegea.

Sasa nifike kwenye gambuti, na mkono wangu umeanza kukandamiza karatasi.

Mwezi wa kumi ofisi ilituma ujumbe kwamba italeta viatu vya usalama kwa wapiga mbizi wa Matulo. Hakuna aliyekuja kwanza kuuliza ni viatu gani. Hakuna aliyeshuka kuangalia mawe. Walikuja na hema mbili, viti, soda, kipaza sauti, watu wa kupiga picha, na sanduku la gambuti nyeusi jozi kumi na mbili. Wapiga mbizi walikuwa watano. Mimi nilikuwa nimeleta jozi ya pili ya viatu vya gunia, na Khocha alikuwa amevaa ile ya kwanza, amekifua kitambaa cha raba zenyewe, amevaa na shati ya kanisa. Bwana wa ofisi, mwenye tai ya buluu, alimwita mbele. Akaangalia miguu yake akacheka kwenye kipaza sauti. "Mzee, hayo matambara leo tunayastaafisha." Watu wakacheka pia, hata wale jirani wa benchi. Akampa gambuti kwa mikono miwili, kamera zikalia. "Vaa tuone. Halafu uingie mtoni kidogo, wageni waone kazi."

Kwetu mtu akikupa nguo au kiatu mbele ya watu, unavaa hapo hapo. Ukikunja ukaweka kwapani umemwambia kwamba zawadi yake haikutoshi, na siyo wewe peke yako uliyemtukana, ni boma lako na kijiji kilichomkaribisha. Khocha alijua hilo kuliko mimi. Bado alijaribu. Alisema kwa upole, "Mkubwa, hii itajaa maji."

"Mzee, hii ni mpira," akasema yule bwana. "Haiingizi maji hata tone."

Watu wakacheka tena. Khocha akavua viatu vya gunia, akanipa nivishike. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimeshika jozi mbili sasa, moja mpya na moja ya kuvaliwa. Akaniangalia usoni. "Nekesa," akasema, "wewe ndiye fundi. Waambie."

Yule bwana akanigeuzia kipaza sauti. Kilikuwa karibu na mdomo wangu, nilisikia pumzi yangu ikitoka kwenye spika kule nyuma ya hema. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema. Mnaijua, niliwapa muishike. Niliangalia viatu vya yule bwana, vya ngozi, vimepigwa rangi vizuri, soli ya kushoto inaanza kuachia. "Msichana ameona haya," akasema, watu wakapiga makofi kidogo ya kunitia moyo, na kipaza sauti kikaondoka.

Khocha akavaa gambuti akashuka. Hatua ya tatu maji yaliingia kwa juu, niliyaona yakiingia. Ya nne mguu wa kulia haukuinuka. Alijaribu kugeuka arudi, soli ikateleza kwenye mrenda, gambuti likakwama katikati ya mawe mawili, na mwili ukaenda upande ambao mguu haukwenda. Sauti ya mfupa niliisikia kabla ya sauti yake. Wapiga mbizi wenzake walimtoa. Gambuti lilikataa kutoka, lilikuwa limejaa maji na mguu unavimba ndani, kwa hiyo nililikata mimi, kwa kisu changu cha kazi, kuanzia juu mpaka kisigino. Maji yakamwagika kama ndoo. Viatu vya gunia nilikuwa nimeviangusha pale kwenye jiwe nilipokimbia. Mtu akavipiga picha vilivyolala, kando ya damu. Tulipokuwa tunambeba Khocha, watu wa ofisi waliokota gambuti zao zote wakazirudisha sandukuni, pamoja na lile nililolikata, na hema zikashushwa kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana.

Siku ya tatu kijana mwenye faili alikuja wodini Bungoma. Khocha alikuwa amelazwa na chuma mguuni, dawa zimemlaza usingizi. Mama Nafula alikuwa ameenda kutafuta uji. Kijana alinionyesha picha ya viatu kwenye simu.

"Ni wewe ulitengeneza hizi?"

"Ndiyo."

"Ndizo alikuwa amevaa akianguka?"

Niliangalia sakafu. Ilikuwa ya simenti nyekundu, ina ufa unaoenda mpaka chini ya kitanda. Nilikuwa najaribu kuanza, nawaambia ukweli, nilikuwa napanga neno la kwanza. Yeye aliona nimeinamisha kichwa, akaandika. Aliandika haraka sana. Mimi hata jina langu silimalizi kwa muda ule.

Khocha hakuzama tena. Alitembea kwa fimbo miaka yote iliyobaki, na hakuwahi kuniuliza kwa nini. Ingekuwa heri angeuliza. Badala yake alinitumia vipimo vya miguu ya vijana waliochukua kazi yake, vimechorwa kwa makaa kwenye karatasi ya sukari, nami nikashona. Kisha ofisi ikatoa agizo kwamba mpiga mbizi akionekana na viatu vya kienyeji hataitwa tena, kwa sababu kuna mzee vilimvunja mguu. Gambuti ziligawiwa upya. Ukitembea Matulo asubuhi utaziona kwenye mazizi, zinakamua ng'ombe, kama alivyosema. Na vijana wanaingia mtoni peku. Siku ya mazishi niliangalia miguu ya vijana wanne kati ya hao, waliobeba jeneza. Walikuwa wamevaa viatu vya kuazima, lakini mmoja alichechemea, na mwendo wa mtu aliyekatwa unyayo na chupa naujua. Huyo anaweza kuteleza kesho akiwa amembeba mtoto wa mtu. Mama wa mtoto atakuwa amekaa kwenye nyasi.

Nimeenda ofisini mara mbili tangu mazishi. Mara ya kwanza niliambiwa nirudi na barua. Mara ya pili nilirudi na barua, nikaambiwa faili imefungwa na kwamba mimi siyo shahidi, mimi ni mwenye viatu. Nilimwangalia aliyesema hivyo usoni. Nilimwambia kiatu kisichoingiza maji hakitoi maji. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia kwa lugha asiyoijua. Nilikuwa nimeibeba sentensi ile miaka kumi na tisa, na yeye akaniuliza kama nina jambo lingine.

Ninalo. Siku ile ya gambuti picha zilipigwa nyingi. Kulikuwa na mwanaume aliyepanda juu ya kiti cha plastiki akikaripiwa ashuke. Kulikuwa na wasichana wawili wa kwaya, wenye sare ya njano, na simu moja baina yao. Kulikuwa na wapiga picha wa ofisi, ambao hawatanipa, na wageni kutoka Kitale, Bungoma na Webuye, ambao labda wamebadilisha simu mara tano lakini hawakufuta kila kitu. Nawaomba mtafute. Mkimpata mzee mrefu mwenye shati ya kanisa amesimama ukingoni, msitazame uso wake, wala ile tai. Tazameni miguu. Kisha mniandikie kupitia hawa waliokubali kuchapisha maneno yangu, wataniletea mpaka kibandani. Asiyekuwa na picha lakini alikuwepo akaona kwa macho, na yeye aniandikie, hata kwa penseli, hata kwa mwandiko kama huu. Sihitaji barua ndefu. Maneno mawili yanatosha: alivaa gambuti.